Mshale Mmoja wa Asubuhi

Tangu tarehe 1 Agosti nimekuwa nikirusha mshale mmoja kila asubuhi, na mmoja tu. Ninatoka kwa mlango wa jikoni kabla sijanywa chai, misuli ikiwa bado imelala, ninapanda ngazi ya mbao iliyo nyuma ya nyumba, ninavuta upinde, ninaachia, kisha ninarudi ndani kuandika kwenye kalenda ya ukutani mahali mshale ulipopiga. Kalenda yenyewe ni ya mke wangu, ambaye huandika humo miadi ya daktari wa meno na siku za kulipia umeme, kwa hiyo mwezi wetu wa Agosti ulisomeka hivi: umeme, katikati, katikati, meno ya Zuhura, vidole vitatu kushoto, katikati.

Sababu ya kurusha mmoja ni kwamba ninajiandaa kuwinda kulungu, na mnyama hatanipa wa pili. Jioni nikirudi kazini ninaweza kurusha mishale thelathini mfululizo, na kuanzia wa tano hivi mkono unakuwa umeshaizoea kazi, hivyo lengo linajaa mishale iliyobanana kama njiti za kiberiti na mtu anaanza kujiona bingwa. Huo ni ubingwa wa uongo. Mshale unaosema kweli ni ule wa kwanza, uliorushwa na mwili baridi, kwa maana hivyo ndivyo mwili wangu utakavyokuwa nitakapokuwa nimekaa juu ya mti saa tatu bila kujitikisa.

Hapa Michigan, jimbo la kaskazini mwa Marekani, msimu wa kuwinda kulungu kwa upinde hufunguliwa tarehe 1 Oktoba, iwe Jumatatu au Jumapili, na huendelea hadi tarehe 14 Novemba. Kesho yake bunduki huingia porini kwa muda wa siku kumi na sita, na katika miji midogo ya kaskazini siku hiyo ni kama sikukuu. Kisha upinde hurudi tena kuanzia tarehe 1 Desemba hadi Mwaka Mpya. Wenye bunduki ni wengi kuliko sisi. Mimi bunduki sikutaka ikae katika nyumba yenye watoto watatu, na upinde nilikuwa nimeuona tangu nikiwa mdogo kuliko wao.

Nimezaliwa Kondoa, Tanzania. Bibi yangu alikuwa na shamba la uwele na mtama, na katikati ya shamba palikuwa na ulingo wa nguzo nne ambapo sisi wajukuu tulikaa tangu alfajiri tukiamia ndege kwa makombeo na kelele. Huko nilijifunza kukaa juu bila kuanguka, ingawa si kukaa kimya. Mara mojamoja alipita kwetu mzee mmoja wa Kisandawe, mrina asali, ambaye alikuja na upinde na podo lake hadi mlangoni. Kabla hajakaa aliulegeza kwanza upote wa upinde, akauegemeza ukutani, ndipo akasalimia na kufungua kibuyu cha asali. Babu alimwuliza siku moja kwa nini asiuache umevutwa, naye akajibu kwamba upinde nao huchoka. Tulipomwomba atusimulie habari za kuwinda alisimulia zaidi juu ya kusubiri kuliko juu ya kupiga: mshale wa sumu ukishampata mnyama, alisema, wewe kaa chini ya mti uvute tumbaku yako, kwani ukimkimbilia naye atakimbia, na ukimwacha atalala. Nilikuwa na umri wa miaka tisa. Niliyasikia yote, na miaka thelathini baadaye, jioni niliyoyahitaji, hata neno moja halikunijia.

Kabla sijaisimulia jioni hiyo ni lazima niseme kidogo juu ya mnyama mwenyewe, kwa kuwa nikimwambia dada yangu kwenye simu kwamba ninajiandaa kuwinda kulungu, yeye humwona kichwani yule wa kwetu, mwenye madoa meupe ubavuni na pembe mbili zilizojisokota, ambazo hukaa naye hadi kufa. Huyu wa huku ni wa ukoo mwingine kabisa, ukoo ambao haupo Afrika kusini ya Sahara, na tumempa jina la kulungu kwa kukosa jina lililo karibu zaidi. Pembe zake ni mfupa mtupu, ni za dume peke yake, na huanguka kila mwaka baada ya msimu wa kujamiiana. Katika majira ya kuchipua huota nyingine, zikiwa zimevikwa ngozi yenye malaika laini kama mahameli, na ifikapo mwanzo wa Septemba ngozi hiyo hukauka na dume akaichubua kwa kujisugua kwenye miti michanga. Mara ya kwanza nilipokuta mti uliochubuliwa hivyo, maganda yakiwa bado mabichi chini yake, nilidhani kuna mtu amepita na panga. Mkia wake ni mweupe kwa chini, na akishtuka huuinua kama kitambaa. Wengi wetu tunaouona mkia huo huwa tumeshachelewa.

Basi, jioni yenyewe. Ulikuwa msimu wangu wa pili, tarehe 9 Oktoba, nami nilikuwa nimekaa kwenye mti wa kuazima, kwa maana ya kwamba nilionyeshwa na mtu na sikuutafuta mwenyewe. Kulungu jike alitokea upande ambao sikumtarajia akasimama umbali wa yadi 35, yaani mita 32 hivi. Nilikuwa nimefanya mazoezi hadi yadi 40, na jioni za Agosti mishale yangu ilibanana vizuri kutoka umbali huo, kwa hiyo sikuona sababu ya kusita. Niliachia. Mshale ukiwa bado hewani nilimwona akichuchumaa na kugeuka, kisha nikausikia ukimpata, sauti nzito kama ya kofi kwenye mto wa kulalia, naye akaondoka akiwa amekunja mgongo. Nilingoja nusu saa nikashuka. Mshale ulikuwa umempita mwilini ukachomeka ardhini. Nikaushika karibu na taa, nikaona damu ya hudhurungi yenye punje za kijani, na nilipounusa nikaitambua harufu ambayo yeyote aliyewahi kupasua tumbo la mbuzi siku ya Idi anaijua.

Nilimpigia simu mzee mmoja ninayefanya naye kazi katika kiwanda cha samani, Mmarekani anayekaribia kustaafu, ambaye ndiye aliyenifundisha tangu mwanzo. Aliuliza kwanza damu ina rangi gani. Nikamweleza. Akauliza kama nimeshamfuata, nami nikamwambia kwamba nimeingia hatua hamsini hivi na nimesikia kitu kikiinuka kichakani. Alinyamaza kwa muda, kisha akaniambia nirudi nyumbani, lakini kwa sauti ya mtu anayejua kwamba ushauri wake umekuja baada ya mambo kuharibika. Kulungu aliyepigwa tumboni hulala karibu na alipopigiwa, na akiachwa kwa saa nane hadi kumi na mbili mara nyingi hukutwa amekufa palepale. Akiamshwa huenda mbali, na damu hukatika. Usiku ule mvua ilinyesha. Tulimtafuta siku mbili, mzee na mimi, tukiwa tumepiga magoti kwenye majani makavu na kugeuza jani moja moja, na hatukumpata. Leseni yangu niliihesabu kuwa imetumika, ingawa sheria haikunidai hivyo, na upinde nikauweka kabatini hadi mwaka uliofuata.

Tangu hapo maandalizi yangu yamebadilika maana. Zamani nilijiandaa ili niweze kupiga. Sasa sehemu kubwa ya kazi ya Agosti na Septemba ni kuamua mapema ni wakati gani nitakataa kupiga, kwa sababu mnyama akishatokea moyo hudunda hadi masikioni na akili inayofaa kuamua huwa imeshaondoka. Wenzangu wengine huliona jambo hili kuwa ni woga. Mzee hakuliona hivyo, na mimi ninachukua neno la mtu aliyewinda miaka arobaini.

Umbali ndio wa kwanza. Mshale wangu huruka kiasi cha mita 85 kwa sekunde, na sauti ya upote husafiri mita 340 hivi kwa sekunde, maana yake kila mara sauti humfikia kulungu kabla ya mshale. Kwenye yadi 20, ambazo ni mita 18, mshale hufika baada ya moja ya tano ya sekunde, naye hana nafasi kubwa ya kufanya lolote. Kwenye yadi 35 muda huo unakaribia kuwa mara mbili, na katika muda huo kulungu aliyeshtuka huinama ili akaze miguu ya kurukia, mwili wake ukashuka kwa upana wa kiganja au zaidi. Mazoezi yangu yote ya yadi 40 yalikuwa ya kweli, ila lengo la sponji halina masikio. Kwa hiyo nimejiwekea yadi 20. Nje ya hapo mnyama ni wa kutazamwa.

Baada ya umbali huja namna alivyosimama. Ninamtaka ama ubavu wazi, ama akiwa amenigeuzia mgongo kidogo, ili mshale uingie nyuma ya bega na kuyapita mapafu yote mawili. Akipigwa hapo huanguka ndani ya sekunde chache, mara nyingi kabla hajamaliza mita mia. Akinielekea kifua, simpigi. Akiwa ameinua kichwa na kusimamisha masikio, simpigi hata kama yuko yadi 12, kwa sababu huyo ameshashtuka. Akiwa anatembea, simpigi. Zikibaki dakika kumi za mwanga wa kisheria, ambao huisha nusu saa baada ya jua kuzama, simpigi pia, na kanuni hii haitokani na sheria bali na usiku ule wa majani makavu.

Upinde wenyewe ni wa kisasa, wenye magurudumu mawili yasiyo duara kamili, moja kila ncha, na nyaya zinazopita juu yake. Uzito wa kuuvuta ni ratili 60, lakini magurudumu yakishapita nukta fulani mzigo hupungua kwa asilimia 80, ikabaki ratili 12 tu mkononi, hivyo mtu anaweza kushikilia akisubiri mnyama apige hatua moja zaidi. Yule mrina asali wa Kondoa angeushangaa, na angesikitika kuona kwamba haulegezwi: unapumzishwa ukiwa umekazwa hivyo hivyo, mwaka mzima. Kila Julai ninaupaka upote nta, ninatazama kama kuna nyuzi zilizokatika, kisha ninarusha mshale kupitia karatasi iliyotandazwa kwenye fremu ya mbao hatua tatu mbele yangu. Karatasi haina upendeleo. Mshale ukitoka umenyooka huacha tundu moja dogo lenye mikato mitatu ya manyoya. Ukitoka mkia umeinama, karatasi hupasuka kuelekea huko. Mwaka huu mpasuko ulikuwa wa nusu inchi kuelekea kushoto, na ilinichukua jioni tatu kuuondoa kwa kusogeza pale mshale unapoegemea, upana wa uzi kwa kila jaribio. Sipendi kazi hii. Ninaifanya huku nikilalamika, na watoto wameshajifunza kutopita nyuma ya nyumba nikiwa na karatasi.

Chembe ninazowindia, yaani vyuma vya ncha ya mshale, zina makali matatu yasiyokunjuka, na hushika upepo tofauti na zile butu za mazoezi; upinde usiorekebishwa vizuri, ambao kwa chembe butu ulionekana mzima, hapo huumbuka. Ndiyo maana katikati ya Septemba ninaacha chembe butu kabisa. Makali ninayajaribu kwa kunyoa malaika ya mkono wa kushoto, hivyo kila mwaka kabla ya Oktoba mkono wangu mmoja huwa na upara. Mshale hauui kama risasi inavyoua. Huua kwa kukata mishipa, damu ikatoka, na chembe iliyofifia makali husukuma mishipa kando badala ya kuikata.

Kwa sisi Waislamu makali hayo ni suala la halali na haramu vilevile. Katika hadithi ya Adi bin Hatim, aliyemwuliza Mtume juu ya kuwinda, jibu ni kwamba kilichopigwa kwa ncha na kuchomwa kinaliwa, na kilichopigwa kwa ubavu wa mshale kikafa kwa kishindo hakiliwi. Bismillahi husemwa wakati wa kuachia. Mnyama akikutwa bado yuko hai huchinjwa, na akikutwa kesho yake akiwa hana alama ila ya mshale wako unaweza kumla, lakini akikutwa amezama majini mwache, kwa kuwa hujui kilichomwua. Ninavutiwa na namna maswali haya ya kale yanavyofanana na yale ambayo mzee wangu, Mkristo wa kaskazini mwa Michigan, huyauliza kila mara: alipigwa wapi, alikutwa wapi, baada ya muda gani. Mazoezini pia ninaitamka bismillahi kwa sauti ya chini kila ninapoachia, ili ulimi uizoee kama kidole kilivyozoea kilimi cha kufyatulia.

Mahali ninapowinda ni katika Msitu wa Taifa wa Manistee, kwenye Kaunti ya Newaygo, mwendo wa saa moja hivi kwa gari kaskazini ya Grand Rapids. Ni ardhi ya umma, na mtu yeyote mwenye leseni anaruhusiwa. Newaygo ilikuwa mojawapo ya kaunti mbili, pamoja na Iosco, zilizofunguliwa kwa msimu maalumu wa upinde mwaka 1937, wakati watu wengi waliuona upinde kuwa mchezo wa watoto. Mwaka huohuo serikali kuu ya Marekani ilipitisha sheria ya kuelekeza kodi ya bunduki na risasi za kuwindia kwenye hifadhi ya wanyamapori, na katika miaka ya 1970 vifaa vya upinde navyo vikaingizwa, kwa asilimia 11. Nilipolijua hilo niliusamehe kidogo upinde wangu bei yake. Mimi ninatoka nchi ambayo mtu akionekana porini na upinde swali la kwanza ni kibali chake kiko wapi, na kwa sababu za haki, kwani ujangili tunaujua. Hapa nilikaa darasani kusomea usalama wa uwindaji, kama inavyompasa kila aliyezaliwa kuanzia mwaka 1960, kisha nikanunua leseni kwenye kaunta ileile wanakouza chambo za samaki.

Katika rasi ya kusini ya Michigan imekatazwa tangu mwaka 2019 kumwagia kulungu mahindi au viazi ili wavutike, kwa sababu ya ugonjwa sugu unaowala ubongo na kuwakondesha hadi kufa, ambao kwa kulungu wa porini wa jimbo hili uligunduliwa mwaka 2015, na kulungu wanaokula kwenye rundo moja huambukizana kwa mate. Marufuku hiyo haikunisumbua. Imenilazimisha nijue wanakula nini wenyewe. Mwanzoni mwa Oktoba wanakula mbegu za mwaloni, na si mwaloni wowote. Mwaloni mwekundu huchukua miaka miwili kukomaza mbegu, nazo ni chungu. Mwaloni mweupe hukomaza kwa msimu mmoja, na mbegu zake ni tamu kiasi kwamba nimewahi kuitafuna moja nikaimaliza. Majani ya mweupe yana ncha za mviringo na ya mwekundu yana ncha kali. Jumamosi mbili za mwisho za Agosti nilitembea kwenye mgongo wa kilima nikiwa na darubini, nikitazama juu na wala si chini, nikihesabu ni mialoni mipi myeupe iliyozaa. Mwaka jana ilizaa karibu yote. Mwaka huu nimekuta mitatu tu, jambo ambalo ni habari njema kwangu, kwani meza zikiwa chache wageni hujulikana watakapokaa.

Upande wa magharibi wa kilima hicho kuna kinamasi chenye vichaka vizito, ambamo kulungu hulala mchana. Jioni hutoka humo wakapanda polepole kuelekea mialoni, kwa njia waliyoikanyaga hadi ikawa kama njia ya mbuzi. Katikati ya kinamasi na mialoni ndipo ulipo mti wangu, na hapo ndipo nilipotundika ulingo tarehe 12 Septemba, mchana wa joto, watu wote wa busara wakiwa ziwani. Ninauita ulingo kwa sababu ndio: kibao cha kusimamia na kiti kidogo, vimefungwa kwenye shina kwa mikanda, futi 18 juu ya ardhi. Msituni humo hairuhusiwi kupigilia misumari wala kukaza skrubu kwenye mti, na ulingo lazima uwe na utambulisho wa mwenyewe, kama vile jina na anwani, unaosomeka kutoka chini. Jina langu la Kirangi nimeliandika kwa rangi nyeupe, herufi kubwa, na sijui wapita njia hulisomaje.

Kuhusu kuanguka nitasema kwa ufupi na kwa ukali. Wawindaji wa huku huumia sana kwa kuanguka mtini, na wengi huanguka wakati wa kupanda au kushuka, kabla hawajafunga mkanda au baada ya kuufungua. Mkanda wa mwili mzima ninaufunga nikiwa bado chini, na kamba ya usalama hunishika tangu mguu wa kwanza unapoacha ardhi. Mimi huyu niliyerukaruka kwenye ulingo wa bibi yangu bila hata ukamba.

Upepo ndio bwana wa mambo yote haya. Zinauzwa sabuni, dawa na nguo za kuficha harufu ya binadamu, na mimi nguo zangu ninazifua kwa sabuni isiyo na manukato nikazianika nje, lakini siamini kwamba kuna sabuni inayoweza kumdanganya mnyama mwenye pua ile. Ninachokiamini ni mwelekeo. Kando ya barabara ya msituni huota majani fulani yenye utomvu mweupe, ambayo mwezi wa Septemba maganda yake hupasuka na kutoa nyuzi laini kama sufi ya mito yetu. Ninajaza mfuko mmoja. Nikiwa juu ya mti ninaachia unyuzi mmoja baada ya mwingine na kuutazama unavyokwenda, kwa sababu hewa ya msituni haiendi moja kwa moja kama inavyochorwa kwenye simu: huzunguka shina, hushuka bondeni, husimama, hurudi. Siku niliyotundika ulingo, upepo wa magharibi ulizichukua nyuzi zangu zikanipita begani na kuelekea kwenye mialoni, mbali na kinamasi, kama nilivyotaka. Lakini nilipokaa hadi jua likakaribia kuzama na upepo ukatulia, nyuzi zilianza kuteremka taratibu kufuata mteremko, moja kwa moja hadi kinamasini, kwani hewa ikipoa huwa nzito na hutiririka kama maji. Nikaandika kwenye kidaftari: magharibi yenye nguvu, ndiyo, magharibi dhaifu, shaka, siku tulivu, hapana, mashariki, kamwe.

Mengine ni madogomadogo na yamekamilika. Barafu imejaa kwenye friza, kwa kuwa mapema Oktoba mchana unaweza kufika nyuzi joto 20 na zaidi, na nyama isiyopozwa haraka huharibika kuanzia kwenye nyonga. Visu viwili vimenolewa. Nambari ya simu ya mwenye mbwa wa kufuata damu nimeiandika kwenye karatasi na kuiweka ndani ya podo. Sheria inaruhusu mbwa aliyefungwa kamba, na laiti ningelijua hilo msimu wa pili. Mke wangu, aliye mtu wa Tanga na ambaye msimu wa kwanza aliitazama nyama ya kulungu kama mtu aliyeletewa barua isiyo na anwani, sasa ananiuliza mapema. Aligundua mwenyewe kwamba mafuta yake lazima yaondolewe yote, maana huganda kwenye kaakaa kama nta, na kwamba paja lake kwenye pilau linahitaji mafuta ya kupikia zaidi na muda mrefu zaidi kuliko la ng'ombe. Majirani zetu Wakongo wameshaagiza mbavu, nami nimewajibu kwamba mbavu bado zinatembea.

Jana, tarehe 29 Septemba, mshale wangu wa asubuhi ulipiga katikati. Usiku nilitazama utabiri wa hali ya hewa: upepo wa mashariki Oktoba mosi mchana kutwa, na mashariki tena tarehe 2, kisha kugeuka magharibi tarehe 3 baada ya mvua. Niliurudia mara tatu, kana kwamba ungebadilika kwa kutazamwa. Likizo ya kazini nilikuwa nimeiomba tangu Julai, siku mbili, tarehe 1 na 2, na meneja aliikubali akicheka, kwa kuwa nusu ya kiwanda iliomba siku hizohizo.

"Kwa hiyo huendi, Baba Zuhura?" mke wangu aliniuliza.

Nilimwambia kwamba siendi, na kwamba nikienda kwenye mti ule kwa upepo wa mashariki kulungu wote wa kinamasini watajua jina langu kabla sijavuta upinde, hata bila kulisoma pale mtini. Akanitazama, akatazama lile begi lililosimama mlangoni tangu Jumapili, kisha akachukua kalamu na kwenye mraba wa tarehe 1 Oktoba, ambao nilikuwa nimeuzungushia duara jekundu tangu Januari, akaandika: vitumbua. Mchele ameuloweka usiku huu. Mshale wa kesho nitaurusha kama kawaida, kabla ya chai.